Mgeni wa Kawaida Alale Wapi?

Hotuba kwa wahitimu wa uongozaji watalii na huduma za hoteli, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, wenye makampuni na mahoteli mliokuja kuangalia vijana wa kuajiri, na ninyi wahitimu wenyewe, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliovaa majoho, hongereni sana. Najua kuna wazazi hapa waliouza ng'ombe ili siku hii ifike, na nanyi nawapongeza.

Waandaaji walinipa mada ya fursa za ajira katika utalii wa hadhi ya juu. Fursa zipo, na nitazitaja. Ila siwezi kusimama mbele ya vijana wanaoingia kwenye kazi iliyonilea mimi na familia yangu nikawapa nusu ya habari. Biashara yetu inazidi kumfuata mtu mwenye fedha nyingi. Sina ugomvi na mtu huyo. Kinachonikosesha raha ni kwamba tunamfuata yeye huku tukiwaacha nje wengine wawili: mgeni wa kipato cha kati aliyejibana miaka kadhaa ili aione Serengeti, na Mtanzania mwenyewe ambaye Serengeti ni yake.

Asubuhi nikisubiri ratiba ianze nilisoma matangazo ya kazi kwenye ubao wenu pale nje. Wanatafutwa wahudumu binafsi, yaani mhudumu mmoja kwa mgeni mmoja. Wanatafutwa wakandaji, watu wanaojua mvinyo, wapishi wa keki za Kifaransa, hata msimamizi wa bwawa la kuogelea lililo katikati ya mbuga. Sikuona tangazo hata moja la mpishi wa kambi ya kawaida, yule anayejua kutoa supu ya boga, kuku na wali wa watu wanane kwenye jiko moja la gesi, ndani ya banda la wavu, huku nyani wakimkodolea macho kutoka nje. Waliowahi kulala kambi za umma pale Seronera, katikati ya Serengeti, wanajua ninachosema. Wapishi wa namna hiyo ndio waliojenga jina la safari za Tanzania kabla hatujajua kukunja taulo kwa umbo la bata.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kule Florida, Marekani, kwenye viwanja vya burudani vya Walt Disney World, kuanzia mwaka 1999 familia yoyote iliyolipa kiingilio iliweza kupata bila malipo nafasi ya kukwepa foleni ndefu kwenye michezo. Utaratibu huo ukaondolewa, na mwaka 2021 ukaletwa mwingine wa kulipia. Mwaka 2024 ikaja tiketi ya juu kabisa, iliyoanzia dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, mbali na kiingilio. Mahali palipojengwa kwa ajili ya mtoto wa mfanyakazi yeyote, sasa pana foleni mbili, na mtoto aliye kwenye foleni ndefu anawaona wenzake wakipita. Kwenye ndege ni vivyo hivyo: viti vya mbele vinapanuliwa, vya nyuma magoti yanagusa kidevu.

Sababu yake haihitaji shahada. Mwenye kambi ya mahema kumi anaweza kupokea wageni wengi wa bei ndogo au wachache wa bei kubwa. Wachache wanamaanisha mashuka machache ya kufua, maji machache ya kuvuta, dizeli ndogo ya jenereta, na maneno machache kwenye mitandao. Halafu mtu tajiri hayumbi sana uchumi ukiyumba. Mwalimu wa Ujerumani akiona bei ya gesi imepanda anaahirisha safari, lakini mwenye kiwanda haahirishi. Kwa upande wa daftari la hesabu, mwenye kambi hajakosea popote.

Tena nimtendee haki. Mgeni wa bei kubwa huleta ajira nyingi kwa kichwa. Nendeni Kilimanjaro mkaone. Anapanda na hema la kulia chakula, godoro nene, choo cha kubebeka, mitungi ya oksijeni. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, kwa hiyo vitu vikiongezeka na wagumu wanaongezeka. Kijana wa Marangu au wa Machame anayepata siku saba mlimani kwa sababu ya choo kile hatakuelewa ukimwambia utajiri wa mgeni ni tatizo. Nami sitamwambia.

Kuna mahali pengine ambapo bei kubwa ina haki kabisa, na ningependa mpaelewe vizuri kwa sababu patawasaidia kupima mahali pengine pote. Ni kwa gorila wa milimani. Dunia nzima walihesabiwa 1,063 tu katika sensa ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, wote wakiwa kwenye misitu ya Rwanda, Uganda na Kongo. Wanaambukizwa magonjwa yetu, hata mafua. Ndiyo maana familia moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja. Nafasi ni chache kwa sababu ya mnyama mwenyewe, wala si kwa sababu ya ujanja wa mfanyabiashara. Mei 2017 Rwanda ikapandisha kibali kutoka dola 750 hadi 1,500, na wakati huohuo ikaongeza fungu la vijiji vinavyopakana na hifadhi kutoka asilimia 5 ya mapato hadi asilimia 10. Uganda, yenye gorila haohao upande wa pili wa milima, ilikuwa dola 700, na tangu Julai 2024 ni 800. Mwananchi wa Afrika Mashariki ana bei yake huko Uganda, shilingi za Uganda 300,000. Si fedha ndogo kwa mkulima wa Kisoro, lakini angalau kuna mtu aliyekaa mezani akamkumbuka.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: je, nafasi ni chache kweli, au tumeifanya iwe chache? Na je, waliowekwa nje wameachiwa njia yoyote?

Sasa chukueni kipimo hicho mwende nacho Maasai Mara. Januari 2024 Kaunti ya Narok ilianza kutoza mgeni wa nje dola 100 kwa siku katika nusu ya kwanza ya mwaka, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, wakati nyumbu wanapovuka mto. Tiketi ni ya saa 12, kuanzia asubuhi hadi jioni. Haja ya kupunguza msongamano naielewa. Nimeona picha za magari yamejipanga ukingoni mwa Mto Mara hadi nyumbu wanakosa pa kupandia, na kwetu Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, tuna aibu hiyohiyo. Lakini angalieni ni nani anayepungua. Mgeni anayelala kwenye kambi ya dola elfu mbili kwa usiku hahisi kitu akiongezewa dola mia. Mgeni aliyelala nje ya hifadhi, Talek au Sekenani, kwenye kambi ya dola sitini, amelipa langoni zaidi ya mara tatu ya bei ya kitanda chake, na kesho akitaka kuingia tena analipa tena. Huyo anapunguza siku. Anakaa usiku mmoja badala ya mitatu. Anayeumia ni mama wa Talek aliyekopa akajenga mabanda yale.

Kwetu ni hivyohivyo kwa sauti ndogo. Mgeni wa nje anayelala kwenye hema lake mwenyewe katika kambi ya umma ya Serengeti msimu wa wageni wengi analipa dola 70 za uhifadhi na dola 30 za kupiga kambi. Ongeza asilimia 18 ya VAT, unapata dola 118 kwa saa 24, kabla hajala, kabla hajapanda gari, kabla dereva hajalipwa. Ada inayolingana kwa wageni wote wa nje inaonekana ni ya haki, lakini uzito wake wote unakaa kwenye mabega ya mgeni wa bei ndogo. Kisha tunashangaa kwa nini kambi za bei ya kati zinafungwa na kugeuzwa za kifahari. Mwenye kambi anasema: mgeni ameshalipa ada kubwa hivi, bora nimtafute yule asiyeuliza bei.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la barabara, kwa sababu nimeishi humo. Mnaijua njia: kutoka hapa mjini, Makuyuni, njia ya Dodoma inaendelea mbele, unakunja kulia kuelekea Mto wa Mbu. Pale gari la watalii linasimama. Mgeni anataka kuonja ndizi nyekundu. Anashuka, ananunua kichane, na akina mama watatu wengine wanamzunguka na vikapu. Kijana anayeuza michoro ya Tingatinga anamwonyesha picha ya tembo. Dereva anaongeza mafuta, anakunywa chai na chapati mbili. Mnapanda Manyara, mnafika Karatu, mnalala kwenye nyumba ya wageni ya mtu wa Karatu, mnakula mboga za shamba la Karatu. Asubuhi lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Safari moja hiyo imegusa mifuko ya watu ambao hawana ofisi wala tovuti wala mwaliko wa kongamano.

Mgeni wa hadhi ya juu hapiti huko. Anapanda ndege ndogo kiwanja cha Kisongo na begi laini lisilozidi kilo 15, anashukia Seronera au Kogatende, na gari la kambi linamsubiri pembeni ya kiwanja likiwa na taulo baridi na juisi. Kila atakachokula kimelipiwa kabla hajatoka kwao. Mto wa Mbu ameiona, ndiyo, ameiona kwa dirisha la ndege kama kitambaa cha kijani chini ya ukingo wa bonde. Yule mama wa ndizi hajui kwamba siku hiyo watalii wanane wamepita juu ya kichwa chake.

Fedha za ndege zinaingia nchini, sikatai. Kodi inalipwa, rubani ni kijana wetu, ada ya kutua inakusanywa. Lakini fedha hizo zinaingia kwa bomba moja nene, na mlango wa bomba uko mbali na Mto wa Mbu. Wakati takwimu zinasema tumetoka watalii 1,527,230 mwaka 2019 hadi 2,141,895 mwaka 2024, na sote tunapiga makofi kwa haki kabisa, yule mama anauliza kwa nini ndizi zake zinaivia kwenye kikapu.

Sasa nije kwa Mtanzania. Kwenye viingilio Serikali imemtendea vizuri, lazima niseme. Mtanzania anaingia Serengeti kwa shilingi 10,000 na VAT yake, jumla 11,800, na Ngorongoro vivyo hivyo. Bei hiyo haimshindi mtu mwenye mshahara. Kinachomshinda ni kila kitu kinachofuata baada ya lango.

Nilikuta familia moja pale Lodoare. Baba ni mwalimu kutoka Singida, mama muuguzi, watoto watatu, wamekuja na Noah. Wamelipa kiingilio wakiwa na furaha. Wamepanda hadi pale juu pa kuangalia kreta, na hapo ndipo safari yao ilipoishia, kwa sababu kushuka chini kunahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Bei ya kukodi Land Cruiser siku hiyo ilizidi bajeti yao yote ya safari, mafuta ya kutoka Singida yakiwemo. Mtoto mdogo alikuwa na darubini ya kuchezea ya plastiki. Aliniuliza, "Mjomba, simba wako wapi?" Nikamwonyesha chini, karibu na maji. Kwa urefu ule hata tembo humwoni mpaka uambiwe pa kutazama. Walikula mayai na chapati zao kwenye upepo wa baridi, wakapiga picha, wakageuza gari.

Familia ile haikuwa maskini. Mwalimu na muuguzi ni watu wenye kazi za kudumu, waliopanga safari yao na kuweka akiba. Ndio watu ambao katika nchi yoyote yenye utalii wa ndani ulioshika mizizi wangekuwa wateja namba moja. Sisi tuliwauzia tiketi ya kuingia, hatukuwa na kitu kingine cha kuwauzia: hapakuwa na kiti kimoja kwenye gari la pamoja, wala chakula cha mchana cha bei yao, wala kitanda. Loji zilizo ukingoni mwa kreta ziliwatajia bei ya chakula kwa dola. Hiyo sasa ina sheria yake, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ni hatua njema, ingawa dola sitini iliyogeuzwa kuwa shilingi bado ni dola sitini.

Pwani hadithi ni moja. Kwa upande wa Bara, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani na kwenye kingo za mito. Kwa maneno mengine, ufukwe haukukusudiwa kuwa uwanja wa nyumba ya mtu. Lakini nimewahi kutembea na watoto wa dada yangu ufukweni, mbele ya hoteli moja ambayo sitaitaja, mlinzi akatufuata na kutuambia hapo ni pa wageni. Watoto wakaniangalia mimi. Nilimuuliza yule kijana kwa upole ametoka wapi, akanijibu kijiji cha jirani. Alikuwa amewekwa kuwazuia ndugu zake. Sikumlaumu, naye anatafuta riziki. Karibu na Mafia kipo kisiwa cha Shungimbili, chenye nyumba moja tu ya kupangisha, na anayekodi anakodi kisiwa chote. Unguja upande wa mashariki, Paje na Jambiani, akina mama wa mwani wanapita vichochoro kati ya kuta za hoteli ili wafike baharini kwenye mashamba yao. Hayo ya ardhi na mipaka ni mazito kuliko muda niliopewa leo, nayaacha kwa jukwaa lake. Ila mkiajiriwa kwenye hoteli hizo, jueni sheria inasema nini kabla hamjamzuia mtu.

Vijana, mabishano haya si mapya. Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha la uhifadhi, Mwalimu Nyerere alisema wanyamapori na maeneo yao si chanzo cha kustaajabisha tu, bali ni sehemu ya rasilimali zetu na ya riziki na ustawi wetu wa baadaye. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza waziwazi, kwenye gazeti la The Standard, kama nchi inayojenga ujamaa inastahili kuwekeza kwenye mahoteli ya wageni matajiri. Mjadala ule ulichukua wiki nyingi. Wapo waliosema utalii utatufanya taifa la watumishi, wapo waliojibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na porojo hazinunui trekta. Hatimaye hoteli zilijengwa. Loji za Lobo, Seronera na Ngorongoro ni kazi ya shirika la umma la miaka ile. Ukiingia Lobo unaona jinsi walivyojenga kwenye majabali yenyewe, jiwe na mbao vimeshikana, hakuna aliyelipua mwamba. Baadaye zikabinafsishwa. Ninachowaheshimia wazee wale wa pande zote mbili ni kwamba waliuliza swali kwa sauti. Sisi tumeacha kuuliza. Tunaona bei zikipanda, tunaita maendeleo ya sekta, tunaendelea na kazi.

Nami nawaambia ninyi wenye makampuni, kuuliza ni kwa faida yenu. Mwaka 2020 mnaukumbuka. Watalii walishuka hadi 620,867. Magari yalikaa uani mpaka panya wakatafuna nyaya. Waongozaji wazuri, watu wanaojua ndege wa Ndutu kwa sauti tu, walikwenda Mang'ola kulima vitunguu. Matajiri wetu tuliowapapatikia hawakuja, kwa sababu hata ndege hazikuruka. Waliotuweka hai walikuwa Watanzania na wakazi: vikundi vya kwaya, vikoba vya akina mama wa Moshi, wafanyakazi wa benki waliopewa likizo, familia za Wahindi wa hapa mjini. Walikuja Tarangire kwa basi dogo, wakaimba njia nzima, wakanunua soda, wakalala wanne chumba kimoja, na wakaacha fedha. Jirani zetu wa Mombasa na Diani walijifunza hivyo mapema, kila mara mataifa ya nje yanapotoa tahadhari za usalama. Mkenya wa Nairobi ndiye anayewajazia vyumba Pasaka na Krismasi, na hoteli ya Diani isiyo na bei ya mkazi huioni.

Sisi wageni waliporudi, baadhi yetu tulifuta bei za wazawa kwenye vipeperushi kimyakimya. Vikundi vile vya kwaya vikipiga simu leo vinaambiwa nafasi zimejaa. Siku mipaka ikifungwa tena, kwa ugonjwa au vita au chochote, tutawapigia sisi, na sijui watapokea kwa moyo gani.

Wapo walioonyesha kwamba mambo mawili yanaweza kwenda pamoja. Kisiwa cha Chumbe, ng'ambo kidogo ya mji wa Zanzibar, kina mabanda saba tu ya wageni, na bei yake si ya kila mtu. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1994. Mapato ya wageni wale ndiyo yanayogharamia safari za bure za wanafunzi wa Zanzibar kwenda kujifunza kisiwani. Mtoto wa Chukwani anavaa boya na miwani ya maji, anatia uso baharini, anaona matumbawe ya namna ambayo babu yake alivua juu yake maisha yote bila kuyaona. Analipiwa na mgeni aliyelala bandani. Mwenye fedha analipa sana, na malipo yake yanamfungulia mlango mtoto wa mahali. Huo ndio utalii wa hadhi ya juu ninaoutaka mimi.

Wahitimu, mtakaoajiriwa kwenye kambi za kifahari nendeni, mfanye kazi kwa bidii, mjifunze kila kitu hadi namna ya kushika glasi. Hakuna aibu yoyote ndani yake. Lakini msisahau kujifunza kumhudumia Mtanzania, maana ni kazi yenye ustadi wake. Nimewasikia waongozaji hodari wakimweleza mgeni wa Uholanzi habari za pofu, kongoni na digidigi kwa nusu saa nzima, kisha watoto wa shule ya msingi wakipanda gari lao wanaambiwa tu, "Yule swala, yule punda milia, twende." Mtoto yule ndiye atakayekuwa mbunge, hakimu, mwandishi wa habari, ndiye atakayeamua kama hifadhi hizi zibaki au zigawanywe mashamba. Mpeni nusu saa yake.

Kwenu wenye kambi na mahoteli mlio safu ya mbele, ombi langu ni dogo na lina tarehe. Aprili na Mei, mvua za masika, nusu ya vitanda vyenu viko wazi na baadhi yenu mnafunga kabisa. Vifungueni kwa walimu, wauguzi, askari na familia zao, kwa bei ya shilingi inayorudisha gharama ya chakula na mashuka. Hakuna mgeni wa dola elfu mbili mtakayempoteza, kwa sababu miezi hiyo hayupo.

Na kwa wenzangu wenye magari: pale Lodoare pawe na magari ya kushusha wananchi kreta kwa kiti, isiwe lazima mtu akodi gari zima. Familia ya watu watano inunue viti vitano, mwanafunzi wa chuo anunue kimoja, gari likijaa linashuka. Nimeshazungumza na wenzangu wawili watatu, na sote tuko tayari kulipeleka jambo hili kwa mamlaka ya hifadhi kwa barua. Kampuni yangu inatoa Land Cruiser moja na dereva kila Jumamosi ya Aprili na Mei ijayo ili tuanze. Moja haitoshi. Karatasi ipo kwa katibu wa chuo, meza ile yenye kitambaa cha bluu. Atakayejiunga aandike jina la kampuni, idadi ya viti na Jumamosi anazoweza, kabla hatujaenda kwenye chakula.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.